Paka Niliyemkana Mbele ya Wapangaji Wenzangu

Mama Matrida, shikamoo. Nakuandikia, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na jina langu tafadhali usilitaje, maana jirani ninayemwogopa redio yake haizimwi na kipindi chako cha Alhamisi hakimpiti.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, bado anatambaa, tumepanga chumba hapa Kitaji, Musoma, hatujamaliza hata miezi miwili, na mume wangu yuko Murangi kwenye uvuvi wa dagaa, anarudi mara moja kwa mwezi. Chumbani kuna panya, na wiki mbili zilizopita mmoja alimng'ata mwanangu kidole cha mguu akiwa usingizini, nikampigia mama mkwe wangu kule Mwitongo, Butiama, nikilia, naye akaniambia njoo uchukue paka. Sio paka mdogo, ni jike zima la milia, sikio la kushoto limechanika, amekaa naye miaka minne na anampenda kweli. Alimtia mwenyewe kwenye gunia lililokuwa na dagaa, akatoboa matundu ya kupumulia, akaniambia, "Mwanangu, mfungie ndani siku saba. Na gunia usilifue, huwaga analalia hilo hilo, ndiyo kwao hapo. Akikusumbua unipigie, mi namjua."

Nikalifua. Lilinuka, wapangaji wenzangu wakawa wanaziba pua wakipita mlangoni, nikaona aibu, siku ya tatu nikaliloweka kwenye sabuni, na nilipofungua mlango kwenda kulianika paka akapita katikati ya miguu yangu, na leo ni siku ya tano sijamshika.

Lakini kuna baya zaidi. Yuko karibu, kila alfajiri analia juu ya bati kama mtoto mchanga, na jirani wa chumba cha mwisho, nimwite Kasmiri ingawa sio jina lake, mkewe mimba ilitoka mwezi uliopita, basi akatuita wote uwanjani akauliza, "Huyu paka ni wa nani? Hapa hatujawahigi kuwa na paka. Kama hana mwenyewe, ametumwa." Wenzangu wakajibu mmoja mmoja, si wangu, si wangu, ikafika kwangu nami nikasema si wangu. Akasema Ijumaa anamtegea dagaa wenye sumu, na wote wakamwambia afanye hivyo.

Sasa nikisema ni wangu, wataniuliza kwa nini nilikana, na watasema aliyemtuma ni mimi. Kwetu Bunda bibi yangu alifukuzwa kijijini kwa maneno kama hayo, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka sufuria zake zikiwa barabarani. Nikinyamaza, paka atakufa, na mama mkwe ananipigia kila siku kumuulizia nami namwambia anakula vizuri. Namtafuta kwa siri nikijifanya nachota maji, na nikimwona nashindwa hata kumwita, nitasikika. Nifanyeje, Mama Matrida?

Mwenye hofu, Kitaji

Jibu la Mama Matrida

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kidole cha mtoto. Nilikupigia kabla ya kuingia studio, ukaninong'oneza nisome tu hewani, hata jirani akisikia, kwamba mdomo wako umekataa kukiri. Haya, nimesoma. Sasa kaa nikugombeze kidogo.

Mtu anaona aibu ya harufu ya dagaa, Musoma hii hii? Hao waliokuwa wanaziba pua mchana walikula nini? Lakini gunia nimekusamehe. Kosa lako ni la pale uwanjani. Jirani yako hamwogopi paka, anamwogopa paka asiye na mwenyewe, na asiye na mwenyewe umemfanya wewe. Paka aliyeletwa kutoka Butiama kwa sababu panya wamemla mtoto kidole, huyo anaeleweka na kila mtu.

Habari za bibi yako nimezisoma mara mbili, na sitakwambia unaogopa bure. Kwa hiyo usiende peke yako. Balozi wako wa nyumba kumi, niliyekwambia kwenye simu umwite aje hapo kwako, mwende naye sasa hivi kwa jirani, mke wa jirani akiwepo, mtoto ukiwa umembeba. Useme paka ni wako na kwamba ulikana kwa kuogopa. Onyesha kidole. Mpe pole mama wa watu kwa mimba yake, maana nahisi hujampa. Kuna atakayetaja uchawi? Balozi amesikia, na siku hiyo hiyo mnafika polisi, wewe na mtoto mnalala kwa mama mkwe.

Na mama mkwe umpigie leo, umwambie paka hali vizuri, hali kabisa kwako, ametoroka. Atafoka. Acha afoke. Kisha alfajiri weka simu spika kubwa karibu na ukuta, amwite kama alivyozoea kumwita. Paka mgeni akitoroka haendi mbali, anajibanza nyumba ya pili au ya tatu, na ukimfukuza na kundi la watu anazidi kujificha. Tafuta gunia jingine la dagaa, lisilofuliwa, uliweke ndani. Acha mlango wazi, wewe kaa chini, kimya. Akiingia, funga, na safari hii siku saba ziwe saba.

Nina neno na wewe pia, baba unayesikiliza ukiwa chumba cha mwisho. Pole sana kwa mtoto wenu. Mimi nimepoteza wawili, na mimi pia nilitafuta wa kumlaumu, nikakosana na dada yangu miaka sita. Usitege sumu hiyo, uani kuna mtoto anayetambaa. Na mtu akigonga mlango wako sasa hivi, mfungulie na umwache amalize kuongea.

Binti yangu, redio ya jirani yako unaisikia hapo ulipo. Nakuwekea wimbo wa dakika nne. Ukiisha, nataka uwe umeshagonga.