Nilishukuru Mungu kwa Mimba Yenye Haiko

Mpendwa mshauri Mama Arlette, nakusalimia mu jina la Bwana, na naomba unisaidie mbele kichwa yangu haijapasuka. Mimi ni Félicien, muuza samaki wa kartie Saio, na ukiulizia kuanzia mutaa ya Lumumba mpaka Mahagi-Port kule ziwani utaambiwa ni yule mwenye mudomo, maana mimi nimetembea, Kampala nimelala, Kisangani nimelala, masomo niliacha mu sekondari kwa sababu walimu walikuwa wanachelewa kunifikia. Lakini hii mambo imenishinda.

Bibi yangu Musoki, tulitoka naye Butembo, iko muimbaji wa kwaya, mwanamuke wa kunyamaza, na tangu ndoa tunangojea mutoto. Sasa unajua kwetu mwanaume anaitwa jina ya mutoto wake, pale sokoni kuna Papa Plamedi, kuna Papa Jemima, mimi wananiita Papa Samaki, na rafiki yangu Bruno kila asubuhi anapiga kelele, "Papa Samaki, watoto waliamuka? Mbona wananuka hivi!" na mimi nacheka kupita wote, kisha nafika nyumbani nashindwa kula.

Siku ya Pasaka pasta akahubiri kama imani inashukuru mbele kitu haijafika, na ile neno ikaniingia kama pombe. Saa ya ushuhuda nikakamata mikro, nilitaka tu kusema tunaamini Mungu atatukumbuka, lakini Mama, kanisa ikijaa, na mupiga gitare anakufuata nyuma polepole, mudomo unaota mabawa, nikasikia sauti yangu inasema, "Bwana ametenda! Musoki iko na mimba!" na nikatoa mbuzi ya shukrani, mbuzi nono, pasta mwenyewe alisita kuikokota. Wamama wakapiga vigelegele. Musoki akabaki amesimama katikati ya kwaya, mudomo wazi, wimbo hakuna.

Mu njia nikamwambia, "Usiogope, nimeshamufungia Mungu njia, sasa hawezi kurudi nyuma." Akaniuliza, "Na akikawia?" Nikamwambia huyo ni shetani anaongea.

Amekawia, Mama. Wamama wa kanisa wanamubebea maji, wamemuletea nguo za mutoto, na mukubwa wao, Mama Émilienne, alimukataza hata kuinama, na vile miezi inapita wanamuangalia tumbo kuliko uso. Nikaenda kwa pasta, nikamuuliza kwa kuzunguka, "Kama mutu alishukuru mbele na kitu haifiki, afanye nini?" akajibu, "Asirudi nyuma, angojee kwa uvumilivu." Hapo ndipo nimepotea. Nikisema kweli, si nitakuwa nimeua imani, na Mungu aseme, "Nilikuwa njiani, huyu ndiye amenirudisha"? Nikinyamaza, huo ni uvumilivu, ao ni uongo yenye imevaa nguo ya ibada? Na mbona Musoki hajanigombeza hata siku moja, ananipenda ao alishanichoka?

Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani kukamata Biblia yenye nilisahau, nikamukuta anakunja blanketi ya mutoto, ile walimuletea, anaifunga ku tumbo na kikwembe. Nikasema, "Unafanya nini?" Hakushituka. Akasema, "Sitaki wakucheke." Mimi mwenye maneno ya soko muzima nikamufungulia tu mulango. Akaenda vile, akaimba vile. Munganga wa hospitali alimupima zamani, akasema haoni ubaya kwake, tungoje tu. Sasa tunangoja namna gani?

Félicien, Saio

*

Félicien, baba yangu, ku mbuzi nilicheka. Ku blanketi niliweka barua chini.

Nianze na ile inakusumbua zaidi. Mungu haogopi kweli. Sara alisikia ahadi akacheka mu hema, kisha akakana kama hakucheka, na Isaka akazaliwa tu. Kama Mungu iko njiani, maneno yako hayatamurudisha, vile hayakumuharakisha. Ana, mama ya Samweli, aliomba midomo inacheza bila sauti, mpaka kuhani akafikiri amelewa. Weye uliomba na gitare nyuma! Ile haikuwa imani, ndugu yangu, ilikuwa haraka. Unaniambia munangoja. Hapana. Musoki ndiye anangoja, weye unatangaza.

Anakupenda ao amekuchoka? Yote mawili, mu sahani moja. Usimuulize, utamuchokesha zaidi.

Na kitu ingine. Munganga alimupima Musoki. Weye je? Nimesoma barua yako mara mbili, nimeona Kampala, nimeona Kisangani, labo ya kupimwa sijaiona. Jumatatu asubuhi nenda upimwe, na usimwambie Bruno.

Lakini leo, mbele ya kula, omba bibi yako musamaha, mwambie hatafunga tena kitu ku tumbo yake kwa ajili yako. Akilia, usimuhubirie uvumilivu, anaujua kukupita. Akinyamaza, nyamaza naye. Kesho muone pasta, umwambie jambo yote wazi, maana alijibu swali yenye hukumuuliza. Zile nguo warudishie wamama. Wakikataa, peleka ku maternité, kuna wenye wanazaa bila hata kitambaa.

Mutoto atakuja? Sijui, na mutu akikuambia anajua, shika mbuzi yako vizuri. Kungoja mbele ya Mungu ni kukaa na swali yenye haina jibu, bila kumubebesha mwingine. Ni kazi ngumu, hata kwa siye tunaojifanya washauri.

Jumapili Musoki aje ao abaki nyumbani, achague mwenyewe. Weye simama useme hivi: "Nilitangaza kitu yenye Mungu hakufanya. Bibi yangu hakudanganya mutu, alikuwa ananifunika aibu. Tungali tunangoja. Mutuombee." Usiseme "tulikosa." Sema "nilikosa." Watacheka, ndiyo, na Mama Émilienne anaweza kukununia mpaka Noeli. Acha anune.

Kisha kaa chini. Usieleze, usichekeshe, usiongeze kitu. Hata ile Amina, achia wengine waiseme.

Mama Arlette