Maji Yaliishia Magotini

Sidab, Maskati

Dada Rukia,

Salamu hizi zikuwahi weye na Mama kabla ya simu nyengine ya Ami Khalfan. Vipi miguu ya Mama, inamwachia kulala? Mie mzima. Jua limenichoma kidogo, lakini uzuri haujapungua.

Nnajua ami kashakupigieni. Kasema nimemvunjia heshima mbele ya watu, na nisipomwomba radhi kufikia Ijumaa anaifuta viza yangu, maana yeye ndo aliyenidhamini. Haya, sasa sikilizeni na upande wangu.

Nyumba yake ya Bausheri, hapahapa Maskati, kaijenga mdomoni mwa wadi, lile korongo kavu ambamo mvua hupita. Majirani walimkataza. Gari kalikatia bima kwa kuwaogopa polisi, lakini nyumba, hata baisa moja hajailipia. Ukimuuliza anacheka: "Bima ya nyumba ni serikali, we mtoto!"

Basi kimbunga kikaja, wadi ikashuka, sebuleni maji yakanifika magotini. Serikali ikatangaza fidia. Siku ya kamati ya fidia kuja, namkuta ami kapanda juu ya kiti na kanzu yake nyeupe, ndoo ya tope mkononi, anaupaka ukuta mpaka juu ya saa ya ukutani.

"Shika ndoo," akanambia. "Wanakuja kupima alama ya maji."

"Ami, saa inatembea na kioo kinang'ara. Maji yameiruka?"

Alinitukana matusi yote ya Kiarabu niyajuayo, na mawili mapya.

Kamati ilipofika wakaniuliza mie, kwa kuwa nilikuwemo ndani siku ile. Ami ananitolea macho. Nikapandisha suruali, nikawaonesha goti. Mzee wao akaitazama saa, akacheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Walipotoka tu, ami akaniwakia: "Pesa za serikali hizo! Weye zinakuwasha nini?"

"Kwani serikali ina shamba la pesa? Ushuru wa bandarini, ada za magari, mafuta ya nchi nzima, ndo hizo. Watu wote wanakujengea ukuta ndani ya wadi, na wadi ikishuka tena watakujengea tena. Na Bi Salma wa Sidab anangojea fungu hilohilo!"

Bi Salma ni mjane aliyekuwa akituuzia sambusa. Jiko lake limekwenda na bahari, pamoja na nusu ya nyumba. Kwa ami nimetoka, ndo niko kwake sasa, nnamjengea kwa chakula na pa kulala. Ukuta wangu umenyooka kuliko wa fundi anayenifunza, ila mwenyewe hataki kukubali.

Radhi siombi. Viza akitaka aifute. N'takuja kula muhogo wa Mama na kukutoa chumbani kwangu, na ole wako uwe umeiuza baiskeli yangu.

Nisalimie shangazi mshoni, babu mwadhini, na huyo mchumba wako asiyejua kucheza karata. Mie skuli niliikimbia, lakini weye unajua kusoma: msomee Mama kwa sauti, majirani wakiwepo. Akisita kuniamini, itoeni sandukuni suruali yangu ya Idi, muisimamishe ukutani, mtazame goti liko wapi. Hapo ndo maji yalipoishia, hata ami anipandishe ndege kesho.

Mdogo wako aliyekupita kimo,
Seif