Sitamtoroka Getini

Uvira, 9 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mumeamukaje huko Katogota, na goti lako linaendeleaje? Sisi tuko wazima, ila Délice ameanza shule ya watoto wadogo, maternelle, na kila asubuhi analia getini, ameshika kitenge changu kwa mikono miwili. Mwalimu wake, Mama Laure, ameniambia: "Umutoroke wakati iko anacheza. Weye ndo unamuharibu." Nimekataa. Nitamuaga mtoto wangu, hata akilia mpaka Burundi wasikie.

Binti yako,
Ernestine

Katogota, 15 Septemba

Mwanangu Ernestine,

Barua nimeipata kwa dereva Sévère. Goti linauma kama kawaida, mpunga unaendelea vizuri. Sasa nisikilize. Mwalimu anasema kweli. Sisi tuliwatoroka ninyi nyote na mumekua. Kama huwezi, Jumamosi nakuja kumchukua Délice akae kwangu. Shule ingoje mwaka ujao.

Mama yako

Uvira, 18 Septemba

Mama,

Natumaini goti limepoa. Ukija kututembelea, karibu. Délice haondoki.

Unasema tumekua. Nilikuwa na miaka minne uliponiacha kwa shangazi Marie-Rose. Ulisema unaenda kununua chumvi. Nilikaa mlangoni na kibakuli cha kuitilia, siku kwa siku, shangazi ananilishia palepale. Ulirudi baada ya miezi saba. Najua ilikuwa vita. Sikulaumu kwa kuondoka, nakulaumu kwa ile chumvi. Mpaka leo mtu akiniambia anarudi sasa hivi, simwamini.

Kwa hiyo nimepasua kitenge changu. Kipande kimoja anaingia nacho darasani, kingine najifunga kichwani. Namwambia: "Minye nakwenda sokoni kuuzisha samaki wa ndagala. Kengele ya saa sita ikilia, utaniona hapa." Kisha naondoka akiniona. Saa sita naacha hata mteja mbele ya meza. Mama Laure amenuna, na anune. Tangu jana Délice analia mpaka kwenye benchi tu, halafu ananyamaza.

Ernestine, binti yako

Katogota, 6 Oktoba

Mwanangu,

Nilifika salama. Asante kwa wiki niliyokaa kwako, ingawa uso wako ulikuwa mkali.

Siku ya kuondoka, wewe ukiwa sokoni, nilimwacha Délice akicheza na watoto wa jirani, nikapitia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Nikarudi. Nikamwambia bibi anaenda Katogota, atarudi mpunga ukishavunwa. Alilia sana. Kisha akauliza: "Na kipande chako?" Nikapasua pindo la kitenge changu, nikamwachia.

Ernestine, siku ile chumvi ilikuwa imejaa nyumbani. Niliogopa machozi yako, ndiyo maana nilidanganya. Sévère anakuletea kilo moja. Nimechelewa kuileta.

Mama yako

Uvira, 9 Oktoba

Mama,

Hapa tuko wazima. Chumvi imefika. Bado nina hasira, na usiniharakishe.

Leo nimeitia kwenye mboga ya sombe, Délice amekula sahani mbili. Anaingia shuleni bila kulia sasa, lakini kila siku ananiuliza kama mpunga wa bibi umeiva. Ulimwambia mwenyewe. Usithubutu kuchelewa.

Binti yako,
Ernestine