Chatu Wetu Ananipenda Sana Siku Hizi

Jumatano, jioni. Ziwa limetulia vibaya leo. Upepo hakuna, na wadudu wa ziwani wamepanda kule visiwani kama moshi wa tanuru. Ninaandika kwa kidole gumba cha kushoto kwa sababu mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa hiyo mkiona makosa msiniletee ujuaji. Shule yenyewe niliishia kidato cha pili.

Kwa mgeni aliyeingia humu leo: mimi ni Kija wa Mabatini, mtu wa hoteli. Hoteli siitaji, iko ufukweni, inatosha. Nilianza kuosha vyombo, nikapanda nikawa mhudumu wa meza, na mwezi huu nimekabidhiwa jiko la mkaa pale barazani. Kuku wa kuchoma wote ni wangu. Wageni wanaacha samaki wa ziwa zima wanaulizia kuku wa Kija. Sijisifu, ninatoa taarifa.

Jina langu kubwa lakini liko kwenye ngoma.

Ngoma yetu Wasukuma si ya kuchezea sebuleni. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kundi na ngoma zake. Hakuna jaji wa kunyanyua kadi. Watu wanakimbilia upande unaowavutia, na mwisho wenye watu wengi ndio wameshinda. Basi. Ndiyo maana wachezaji wanafanya vituko. Mpinzani wangu Doto ana midoli ya mbao inayotingisha shingo. Mimi nina Shangazi.

Shangazi ni chatu. Anaishi kwenye sanduku la mbao huko Kisesa, nyumbani kwa Mzee Shija, manju wetu, yaani kiongozi wa ngoma: anatunga, anaimba, na kutupaka dawa ya kuvuta watu. Jina la Shangazi nilimpa mimi, maana hapendi kuamshwa na kila mtu anamwogopa. Kilele cha mchezo wangu ni hiki: ngoma zinanyamaza, Shangazi anazungushwa shingoni kwangu mizunguko miwili, ninanyoosha mikono, halafu ninambusu usoni. Wanawake wanapiga kelele, Doto anabaki na midoli yake.

Tangu zamani Shangazi alikuwa ananichukulia kama gogo. Unambeba, amelala. Unambusu, amelala.

Mwezi huu akabadilika. Nikiingia tu uani, kichwa juu. Ulimi nje, ndani, nje. Nikihama kulia, anageukia kulia. Mzee Shija akacheka akasema, "Dawa yangu hiyo, baba. Inavuta mpaka nyoka." Mimi nani nikatae? Nikatangaza hotelini, nikatangaza mtaani, nikatangaza humu humu kwamba nyota yangu imepanda. Hata paka wa Mabatini siku hizi wananisindikiza kutoka kituoni hadi mlangoni kwangu. Niliandika hivyo wiki iliyopita, kasomeni. Niliandika kwa mbwembwe.

Leo nilitoka hotelini moja kwa moja kwenda mazoezini. Asubuhi nzima nilikuwa ninawatia kuku viungo kwa mikono mitupu, kama Mama Koku alivyonifundisha. Mama Koku ni mpishi wetu mkuu, mama wa Bukoba, mtu wa kwaya ya kanisani, na habari za nyoka hataki kuzisikia. Nilipomuaga akaziba pua. "Wewe Kija, hata ukioga unanuka kuku. Nenda kwa huyo shetani wako, akikumeza sisi hatuji msibani." Nikamjibu, "Mama, shetani mwenyewe atasema ongeza pilipili." Jiko zima likacheka.

Kisesa nikamkuta Mzee Shija, shikamoo, marahaba, ngoma zikaanza. Doto na watu wake walikuwa wanafanya mazoezi ng'ambo ya uwanja, na watazamaji wengi walikuwa kwao. Iliniuma. Nikamtoa Shangazi kwenye sanduku, nikamweka mabegani.

Hakutulia. Alishuka taratibu kwenye mkono wangu wa kulia mpaka kwenye vidole, akawa anavinusa kimoja kimoja. Watu wakaanza kusema ooo. Nikawakonyeza.

Halafu akarudisha kichwa nyuma, shingo ikajikunja.

Mkunjo huo ninaujua. Nimeuona mara nyingi, pale Mzee Shija anapomrushia kuku.

Sikuona alivyokuja. Nilisikia tu mkono umekuwa wa moto, na kabla sijapiga kelele alikuwa ameshauzungushia mwili wake, anabana. Kila nikipumua anaongeza. Vijana wa ngoma walimshika mkia wakaanza kumfungua kutoka mwisho, na Mzee Shija akammwagia maji mdomoni mpaka akaachia. Meno yake ni madogo, lakini ni mengi, na yote yameniachia alama.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Watu walishangilia. Walidhani ni mchezo! Upande wa Doto ulimwagika wote ukaja kwetu, wazee, kina mama na watoto mgongoni, hadi mpiga ngoma wake mmoja. Doto akabaki peke yake na midoli inatingisha shingo.

Mzee Shija akaniinua mkono unaovuja damu kama bondia. Akaninong'oneza, "Hiyo hiyo, baba. Jumapili ufanye hiyo hiyo."

Na mimi nikatabasamu. Aisee, nilitabasamu.

Nilielewa nikiwa zahanati, nesi ananisafisha. Aliinama kwenye mkono, akauliza kama nimetoka kula kuku. Paka wa Mabatini. Ulimi wa Shangazi. Mama Koku na pua yake. Hakuna dawa wala nyota. Tangu nikabidhiwe jiko la mkaa, yule nyoka alikuwa anasoma orodha ya vyakula.

Jumapili ndiyo mashindano yenyewe. Jumamosi hotelini kuna harusi, na meneja ameshapanga: kuku wote ni mimi, kutwa nzima. Bandeji niliyomwonyesha kwa simu akasema vaa glovu. Nikikataa, jiko anapewa mwingine na mimi narudi kwenye masufuria. Nikimweleza Mzee Shija, Shangazi anakabidhiwa mtu mwingine, na uwanja mzima utajua kwamba nyota ya Kija ilikuwa harufu ya kuku. Nikinyamaza, Jumapili atazungushwa pale pale anapozungushwa siku zote.

Mkono ulikuwa mkono. Shingo haina watu wa kuifungua kutoka mkiani wakawahi.

Mnajua kinachonitisha zaidi? Bado ninawasikia wale watu wakikimbia kuja kwetu. Miguu ile. Sijawahi kuvuta watu namna ile tangu nizaliwe, na kuna sehemu ndani yangu inataka wakimbie tena.

Nimerudi nyumbani nimejisugua kwa jivu, nikaja na sabuni ya mche, nikamalizia na ndimu mpaka kwenye shingo na masikio. Nikajinusa, safi. Nikajipongeza. Halafu nikakumbuka kwamba kuku nao tunawaanza kwa ndimu.

Nimejitia viungo mwenyewe.

Nimefungua mlango nipate hewa, hewa hakuna. Paka mmoja amekaa kizingitini, yule wa jirani mwenye sikio lililochanika. Nimemnyooshea mkono mzima, ule niliousugua. Amenusa vidole, akapanda hadi kwenye kiwiko, akapita begani. Sasa yuko hapa ninapoandika, anailamba shingo yangu taratibu, amefumba macho.

Paka kajua. Shangazi atashindwaje?

Kesho alfajiri ninapanda kwenda Kisesa kumwambia Mzee Shija. Ninaandika hapa mbele yenu ili nisiweze kurudi nyuma.

Ila mkinikuta Jumapili uwanjani nimenyoosha mikono, msipige makofi haraka. Niangalieni uso kwanza.