Nyanzala Ameondoka, Hajafika

Basi mdogo wangu Mabula, dada yetu Nyanzala hajafika. Yule utingo wa lori la pamba uliyemtuma alikuja wiki ile, akasema, "Bibi, Mabula anasema Nyanzala ameshaondoka kijijini, anakuja kwako." Nikatandika kitanda. Kitanda mpaka leo kimetandikwa.

Marahaba, maana najua umeniamkia. Wifi hajambo? Mimi ni miguu tu. Mwanangu Mama Milembe ananilisha vizuri, ila samaki wa mjini wanawakaanga mpaka wanasahau ziwa. Nimemwambia Milembe aandike kila ninachosema, asichague.

Najua watu wa serikali waliiezua nyumba yake, na kupanda lori la kuhamia kijiji kipya alikataa. Sawa. Lakini utingo anasema alimwona barabarani, mara akageuka akarudi. Kasahau jiwe la kusagia, lile dogo la marehemu mama. Nikamuuliza, "Aliporudi alikaa chini?" Akacheka. "Bibi, mimi nilikuwa juu ya pamba, nitajuaje?" Wewe unajua, Mabula. Aliyetoka akarudi anakaa kwanza, anakunywa maji, ndipo safari inaanza upya. Nani alimpa maji, na nyumba haina hata paa?

Huyu Milembe wanamfundisha Kiingereza. Juzi alikuwa anakariri habari ya baba anayekwenda sokoni, "seti ofu, seti ofu". Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ndiyo kuondoka, kuanza safari, iwe kwa miguu, kwa gari au kwa mtumbwi. Nikasema, na ukiwa bado unafunga mzigo? Akasema hapo bado, mpaka utoke. Na ukifika? "Hilo neno lingine, bibi, hatujafundishwa." Usiku ule sikulala. Hata Wazungu, kuondoka kwao hakuna kufika ndani yake.

Mvua ikipiga bati huku Mabatini hodi haisikiki, kwa hiyo nalala mlangoni. Kivukoni Mama Milembe ananikataza kushuka. Nimemwachia maneno mpagazi mmoja wa huko anayepita hapa kwetu: ukiona mama mrefu, ana mwanya, kabeba jiwe kama anabeba mtoto, mlete.

Mabula, niambie ukweli. Alipanda kivuko, au alichukua mtumbwi? Ziwa siku hizi limechafuka. Na wewe wakikuhamisha, nitumie jina la kijiji kabla hujapanda lori. Nisikuulize kwa watu wasiokujua.

Nisalimie wifi, na shangazi anayekaa kisimani. Na balozi wa nyumba kumi aliyewaongoza kuezua msalimie, simchukii, ila mwambie Nyanzala alikuwa mama mkwe wake kabla hajawa mtu wa kupakiwa.

Subiri, Milembe, mama yako anaita.

"Mama, njoo. Yule mpagazi wa kivukoni yuko mlangoni. Kaleta jiwe la kusagia."

"Kaja na nani?"

"Njoo tu, mama."

Milembe, nipe fimbo. Mwandikie Mabula bibi ameondoka. Hilo neno la kufika liache kwanza.