Nyuso za Ukuta wa Ushirika

Jumatatu, 4 Julai 1994
Ghala la ushirika limeuzwa. Mnunuzi mpya wa kahawa anataka kuta nyeupe kabla ya Jumapili. Nyeupe! Ukuta aliouchora baba — Vita vya Majimaji nzima, mashujaa na mikuki yao — upigwe chokaa kama choo cha shule. Nimekwenda kumsihi. Kasema yeye ananunua kahawa, historia hanunui. Nimerudi na hasira.

Jumanne, 5 Julai
Nimewaambia kina mama baada ya misa. Baba alipovuka ziwa kutoka kisiwa cha Likoma hakujua sura za mashujaa, akawachora majirani, watu wa hapahapa Mbinga. Mama Kunigunda kalia: mumewe hakuwahi kupigwa picha, sura yake iko pale tu. Wameahidi kuja wote. Alhamisi, Saba Saba, tutakaa mlangoni hatutoki! Sijafurahi hivi tangu tumzike baba.

Alhamisi, 7 Julai
Mungu wangu. Nimewakuta kina mama na jamaa zao wamenitangulia ghalani. Patasi, panga, hata jembe. Wananyunyiza unga kidogo sakafuni kama kwenye tambiko, wanamwita marehemu kwa jina, kisha wanaukata uso wake ukutani. Mama Kunigunda ameshamtoa mumewe — kipande cha plasta, amekifunga kitenge, amekibeba mgongoni kama mtoto. Ananiambia: "Asante kwa kutuambia mapema, Asteria mwanangu."

Nikapiga kelele: mnaiua picha! Joakim seremala akanishangaa. Akasema, kwa upole kabisa, picha ni ya chama cha ushirika, lakini uso ule ni wa baba yake. Nimelia njia nzima.

Jumamosi, 9 Julai
Jeshi zima halina vichwa. Mikuki juu, shingo zinaishia kwenye tope tupu la ukuta. Umebaki uso mmoja, nyuma kabisa, wa mpiga ngoma. Baba. Alijichora mwenyewe pale. Hakuna aliyemchukua — nani amchukue, mtu wa kuja? Hapa ndugu yake ni mimi tu, na mimi ndiye niliyekuwa nabweka kwamba ukuta haukatwi!

Naandika nimekaa juu ya gunia. Joakim ameniletea patasi na unga kwenye kikombe, kaondoka. Plasta ya pale imeoza. Nikigonga vibaya, baba ni vumbi. Nisipogonga, chokaa. Mafundi wa chokaa wameanzia mlangoni. Mmoja ananiuliza, dada, pale kwenye ngoma tupake?

Nimemwambia asubiri. Unga nimeshanyunyiza. Jina la baba nimeliita. Mkono hautaki.