Kigae cha Baba Juu ya Kanisa Kuu

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Mimi ni mtu wa bahati, na hapa sijisifu, nasema ukweli tu! Ugonjwa wa macho ulimchukua babu, ukamchukua baba, sasa unammaliza kaka yangu Alois. Mimi ulinipita kama mkagua tiketi anavyompita abiria aliyelala. Miaka arobaini na tisa, macho ya mwewe. Bado napanda mapaa. Nikiwa juu ya mnara wa kanisa la kijijini naweza kukuambia kuku yupi wa jirani ametaga.

Tumeingia Vienna kwa treni ya mchana. Daktari alimwambia Alois: kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu. Wengine wangetaka bahari. Kaka yangu kataka kigae.

Baba alikuwa fundi wa paa kama sisi. Vita vilipokwisha alikuwa miongoni mwa walioezeka upya kanisa kuu la Stefano. Na kwetu fundi hamalizi paa bila kuacha kigae kimoja kibaya, kwa makusudi, ili paa lisijione. Baba aliweka cha kijani katikati ya vyeupe, juu ya ngao ya kushoto, kati ya zile mbili zilizochorwa kwa vigae. Alituambia hivyo mpaka anakufa. Hatukuja kukiona hata siku moja. Kila mwaka tulibanwa na mapaa ya watu.

Mwenye nyumba ya wageni anaitwa Bi Navratil. Katukagua viatu kwanza. Mafundi wa paa? kasema. Basi zulia langu si mbao, mkanyage taratibu. Nikamwambia, mama, kwa zulia hili hata panya lazima avue viatu. Kacheka mpaka kashika ukuta. Wanawake wa mji mkuu wananielewa!

Jumanne, 4 Oktoba

Ukungu. Mnara wa kanisa umekatwa katikati kama soseji. Paa halionekani. Alois kasimama uwanjani, uso juu, kofia mkononi. Anaona kwa mbele tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Pembeni giza. Kasema, "Kesho, basi." Kama anayeongea na daktari.

Nikamtembeza. Nimekuwa macho yake, na macho yangu yana mdomo. Hii ndiyo nyumba ya opera, kaka, humu watu wanene wanakufa wakiimba. Hili kasri, madirisha mengi hivi, nani alikuwa anayaosha? Kacheka. Kwa kicheko hicho ningemtembeza mpaka Uturuki.

Chakula cha mchana — nyama ya ndama iliyogongwa ikakaangwa kwa chenga za mkate, imemwagika nje ya sahani pande zote. Hapo nikapiga glasi ya maji kwa kiwiko. Chwaa! Mpaka suruali ya Alois. Nikamwambia mhudumu aache kuviziavizia watu na glasi zake. Kanijibu kwa adabu ile ya kwao inayouma kuliko kofi: glasi ilikuwepo tangu bwana alipoketi.

Alois kachukua kitambaa. Alijifuta suruali.

Jumatano, 5 Oktoba

Mawingu bado. Tumepanda lile gurudumu kubwa la bustani ya Prater, lenye vibanda vya kupandisha watu juu. Alois kauliza ule mstari unaong'aa ni nini. Danube! nikasema, mto wetu huo, ona ulivyonenepa. Mama mmoja aliyekuwa nasi kibandani kasema samahani, bwana, hizo ni reli.

Tulipokuwa tunashuka nikamkanyaga mbwa wa mama yule. Mbwa mfupi, mrefu kama mkate. Mama akawaka: "Hayo macho umepewa ya kazi gani?" Ya kutazama warembo tu, mama. Hakucheka. Alois naye hakucheka.

Jioni kaniuliza nikirudi napanda paa gani. La kinu cha unga, Jumatatu, nikamwambia. Refu? Refu.

Kazima taa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Jua! Mji mzima umeoshwa. Treni yetu saa tisa. Tumepanda mnara wa kaskazini kwa lifti, na paa hili hapa mbele yetu, limeinama kama shavu la mlima. Vigae maelfu kwa maelfu. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mbili, nikavua kofia.

Alois kaweka darubini machoni. "Mimi siwezi kutafuta, mdogo wangu. Nikitafuta napotea. Wewe tafuta, unielekeze, nitazame hapo tu."

Nikatafuta. Ngao niliipata, kisha ikaniponyoka. Nikaipata tena. Kigae, mstari, kigae, halafu kama mtu kanifungia dirisha. Upepo, machozi. Kaka anasubiri, darubini machoni. Ningefanyaje?

Nikasema, "Kile pale! Safu ya nne juu ya ngao, mkono wa kushoto. Cha kijani kabisa, mjeuri kama mzee mwenyewe!"

Kaelekeza darubini. Katazama muda mrefu. Safu ya nne. Ya tano. Ya tatu. Kisha kaishusha.

"Vyeupe vyote, Poldi."

Jaribu tena, nikasema.

"Unageuza kichwa kizima kama bundi. Nimekuangalia siku tatu. Mimi nilianza hivyo hivyo, na mimi nilikuwa nawatukana wahudumu." Kanishika ukosi, kama tulipokuwa watoto juu ya ngazi. "Tangu lini?"

Nikamwambia upepo tu. Vumbi.

Hatukukitafuta tena. Kaja kutoka kijijini kwa kigae kimoja, na muda wake wa kukiona ameutumia kunitazama mimi.

Sasa tuko mkahawani. Kahawa yenye kofia ya krimu, sijaigusa. Kaniambia sipandi kinu. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Kasema, "Baba alikuwa mtu mzima alipoanguka paani." Hilo hatujawahi kulitaja mezani. Kisha kainuka. Simu ya mkahawa iko ukutani, upande ule, karibu na makoti. Anakwenda kumpigia Trude, mke wangu.

"Mimi natembea polepole," kasema. "Ukitaka kumwambia mkeo mwenyewe, nifikie kabla sijafika."

Anapapasa migongo ya viti. Kiti, kiti, meza. Mhudumu kampisha na sinia. Mtu mwenye gazeti kakunja miguu apite. Naandika haraka, sijui kwa nini naandika badala ya kusimama.

Kafika. Anatafuta kwa kidole mahali pa kutumbukiza sarafu.

Nilichoandika Jumatatu ni uongo. Ugonjwa haukunipita. Huu ni mwaka wa tatu.